Uzi Mweusi wa Babu Faradji

Kabambare, tarehe 4 Desemba 2023

Kwa muke wangu mudogo Latifa, infirmie, muuguzi wa chumba cha kupasulia, Kasongo,

Salamu aleikum. Sisi huku tuko wazima wote, isipokuwa jogoo wa bibi yako, ambaye alikutwa na mauti siku ile wageni walipofika. Bibi yako Mwanvua anakusalimia. Anasema muke mwenza ni muke mwenza hata akiwa mujukuu, kwa hiyo karanga anazokutumia kwa Serge wa moto, ile pikipiki ya kubeba watu na barua, si zawadi, ni onyo.

Najua utauliza kwa nini sipigi telefone. Telefone iko, rezo ndiyo haiko. Ukiitaka inabidi upande kilima, na ukifika juu pumzi imeisha, utasema nini? Karatasi haikatiki katikati ya neno.

Sasa habari yenyewe. Wazee wa ukoo wa Djamali walikuja kutoka Salamabila. Watu wa heshima, walimumaliza jogoo bila aibu. Tumepatana: nikaha ni Jumapili tarehe 3 Machi, huko kwenu Kasongo, mbele ya Ramadhani kuingia. Kijana mwenyewe nimemuangalia vizuri. Anauza vipuri vya moto, anaswali, na alipokaa mbele yangu alijimwagia chai magotini. Hilo limenipendeza sana.

Na mimi ndiye nitakuozesha. Baba yako Hamadi, Mungu amurehemu, siku alipokuwa anatuaga alinishika mukono akasema: "Baba, siku ya Latifa, usitume mutu." Nikamuahidi. Kwa hiyo sitatuma mutu. Nitapanda moto ya Serge, nitavuka muto Luama, nitakaa kwenye mukeka mbele ya imamu na kusema neno langu mwenyewe.

Tatizo ni moja, tena dogo. Si dogo sana, lakini dogo. Unakumbuka lile jambo langu la chini ya tumbo, upande wa kuume, ambalo bibi yako analiita "mugeni". Zamani lilikuwa linatoka nikikohoa, nikilala linarudi kwao. Sasa halirudi tena. Nikikanyaga mashini nashona kwa mukono mumoja, ule mwingine unamushika mugeni. Suruali ya muwalimu wa shule ilitoka na muguu mumoja mufupi, na muwalimu akaja nayo dukani mbele ya watu. Dokta Muhindo wa hapa anasema ni ngiri, ipasuliwe. Dokta ni kijana kweli, ndevu zenyewe bado zinabisha hodi. Wewe uliye ndani ya mambo hayo, unasema nini? Andika herufi kubwa, miwani yangu imepata ufa.

Bwana wako wa kwanza,
Faradji, fundi cherehani


Kasongo, 15 Desemba 2023

Kwa bwana wangu muzee Faradji,

Shikamoo babu, shikamoo bibi. Karanga zilifika, onyo nimelipokea, nimelitafuna lote. Hapa mama iko muzima, baba mudogo Kamaldine iko muzima na anaongea kidogo kama kawaida yake. Tangu habari ya Djamali itangazwe, majirani wanawake wanakuja kuazima chumvi ili wanione uso.

Babu, pasuliwa. Tena usingoje. Ngiri ambayo hairudi ndani siku moja inaweza kubana utumbo, na hapo hatutakuwa na nafasi ya kuchagua siku wala dokta. Na ndevu za dokta hazifanyi operasyo, ni mikono. Dokta Muhindo alifanya mazoezi hapa kwetu, mikono yake naijua.

Sasa sikiliza amri za muke mudogo. Siku ya kwenda, oga muzima muzima kwa sabuni. Usimuache kinyozi wa soko akunyoe huko chini kwa wembe wake, wembe unakwaruza ngozi na uchafu unapata njia. Watakutengeneza wenyewe palepale. Tumbako, acha kuanzia leo. Najua umecheka, lakini moshi unachelewesha kidonda kupona. Na ukitoka huko, mashini hukanyagi mupaka wakuruhusu.

Nataka unikute musikitini umenyooka, si umeinama kama muvuna karanga. Hakuna mutu mwingine ninayemutaka kwenye ule mukeka. Unajua.

Mujukuu wako anayekupenda,
Latifa


Kabambare, 20 Januari 2024

Kwa muke wangu mudogo,

Mugeni ameondoka! Naandika nimelala chali, kwa hiyo maneno yakipanda kilima uyasamehe. Bibi yako anakusalimia, wifi yako Chadia amejifungua mutoto wa kike, mbuzi wa jirani amekula shati la muteja, na mimi nimepasuliwa Jumanne iliyopita. Nimekupangia habari kwa ukubwa wake.

Ilikuwa hivi. Wakanidunga sindano ya mugongoni. Miguu ikalala, mimi nikabaki macho. Wakatundika kitambaa mbele ya uso ili nisione. Kitambaa chenyewe pindo lilikuwa limefumuka, nikamuambia infirmie, yule mama Clémentine mwenye mikono mikubwa, nikitoka hapa ulete nikushonee. Akasema: "Muzee, nyamaza, tuko tumboni mwako." Lakini nilipomusikia dokta anaomba uzi, nilishindwa. Nikauliza: uzi gani, namba ngapi, mushono gani? Dokta akacheka mupaka Clémentine akamugombeza yeye pia.

Siku ya pansema ya kwanza, walipobadilisha kitambaa cha kidonda, nikaomba kuona kazi. Yaa Latifa! Uzi wa buluu, wa nailoni, kama wa kuvulia samaki. Fundo, nafasi. Fundo, nafasi. Mimi namuheshimu yule kijana, lakini hivyo ndivyo tunavyofunga gunia la muhogo wa kupeleka soko la Wamaza. Nikimushonea mutu shati vile, atanivalisha kichwani. Sasa mimi, fundi tangu wakati wa baba yangu, ninayefunga pindo ambalo hata sindano yenyewe hailioni, nimetembezewa gunia juu ya ngozi yangu! Nimeona haya. Bibi yako ameona, akasema ni pazuri. Bibi yako angemusifu hata kipofu akishona.

Nyuzi watazitoa karibuni. Mimi niko muzima, nakula, natembea mupaka mulangoni. Kanzu ya Djamali nimeikata tayari, bado kushona. Tutaonana Machi.

Bwana wako, gunia la muhogo,
Faradji


Kasongo, 25 Januari 2024

Kwa gunia langu la muhogo,

Shikamoo. Barua yako niliisoma chumba cha kupumzikia na wenzangu wakadhani nimepata wazimu, nikaisoma tena kwa sauti, sasa wote wanaomba uwashonee. Mupongezeni Chadia. Mama analia kwa furaha na anatafuta jina. Hapa maandalizi yameanza, mashangazi wamefika na kila mumoja iko na rangi yake ya kitenge, na hakuna anayekubali ya mwenzake.

Sasa nimutetee dokta. Babu, ngozi si kitambaa. Kitambaa hakivimbi, hakitoi maji. Ile nafasi kati ya fundo na fundo ndiyo mulango wa maji kutoka. Fundo moja likileta shida, tunakata lile moja, mengine yanaendelea kushika. Ukishona kwa uzi mumoja unaotembea toka mwanzo mupaka mwisho, ukikata mahali pamoja yote inalegea, na hilo wewe unalijua kuliko mimi. Iko pia agrafi, vipini vya chuma vya kubana ngozi, kazi ya haraka sana, ila vinataka koleo lake kuvitoa. Na kwenye miji mikubwa wanapaka koli, gundi ya ngozi, inashikana bila sindano. Sisi shuleni tulibishana mupaka jasho juu ya ipi inaleta usaha kidogo. Muwalimu akatuambia tofauti si kubwa, angalieni mikono yenu na pansema zenu kwanza.

Lakini nikuambie siri, na usimufikishie Dokta Muhindo. Mimi hapa, dokta akimaliza kazi ya chini, ananiachia ngozi, na mimi najua mushono wa ndani. Sindano inatembea chini kwa chini, upande huu, upande ule, bila kutoka nje. Ukivuta uzi, kidonda kinafumba mudomo na huoni kitu. Wanawake wananiomba kwa jina. Ungepasuliwa kwangu, babu, ungeutafuta mushono wako kwa taa. Damu ya fundi haipotei!

Basi nimejisifu vya kutosha. Kidonda kikiwa chekundu, kikiwa cha moto, kikitoa maji yenye harufu, au ukisikia baridi bila sababu, unakwenda kwa Clémentine siku ile ile. Umesikia? Siku ile ile.

Mwenye sindano,
Latifa


Kabambare, 6 Februari 2024

Kwa Latifa,

Salamu nyingi. Huku ni wazima. Mvua iko. Naandika kwa kifupi kwa sababu kazi ni nyingi.

Clémentine alitoa nyuzi zake za buluu zote. Mahali pamoja palibaki wazi kidogo, kama tundu la kifungo, pakawa panatoa maji. Akasema paachwe hivyo hivyo, tena nirudi kila siku aoshe. Kila siku! Kana kwamba mutu hana duka. Basi hilo limekwisha, pamefungika, hapatoi tena kitu. Ungepaona ungesema ni kazi ya Kasongo. Uzi mweusi hauonekani hata ukivaa miwani.

Iko jambo moja nataka kukuuliza. Muzee mumoja rafiki yangu, humujui, anasikia baridi muchana wa jua, na chakula kinamukataa. Atumie vidonge gani? Andika majina tu, atanunua sokoni.

Bibi yako hakutuma salamu. Iko na hasira ya bule.

Kanzu ya Djamali bado mikono. Machi ni karibu, na mimi nitakuwa tayari. Usiwe na wasiwasi.

Babu yako,
Faradji


Kasongo, 8 Februari 2024

Babu,

Shikamoo, na salamu zingine utazipata ukipona.

Nyuzi za buluu zimetolewa zote, umeandika mwenyewe kwa biki yako. Sasa uzi mweusi umetoka wapi? Hospitali ya huko haina uzi mweusi, nimemuuliza mutu anayewapelekea dawa. Mwenye uzi mweusi Kabambare ni wewe, kwenye kopo la maziwa, chini ya mashini. Babu, umejishona!

Na yule muzee rafiki yako nisiyemujua anaitwa Faradji.

Sina hamu ya kucheka leo. Nikusomee kilichotokea ndani ya mwili wako, kwa sababu naona hakuna aliyekueleza, au walikueleza ukawa unaangalia fundo. Yale maji yalikuwa yanatafuta njia ya kutoka. Clémentine aliwaachia mulango wazi kusudi. Wewe ukafunga. Mwizi alikuwa anatoka nyumbani mwenyewe, wewe ukamufungia ndani na watoto. Sasa usaha hautoki, unakula kuteremka chini, kule dokta alikoshona nyama zinazozuia ngiri. Zikiachia, mugeni atarudi. Na ile baridi ya muchana ni dalili kwamba uchafu unatafuta njia ya kuingia kwenye damu. Watu wanakufa hivyo, babu. Nimewaona wakifa. Walikuwa na vidonda vidogo na wajukuu kama mimi.

Kinyozi hajinyoi, na fundi hajishoni. Muficha maradhi, kifo kitamuumbua: hiyo ulinifundisha wewe, nilipoficha malaria ili niende kwenye harusi ya shangazi.

Tena najua ulipolitoa wazo hilo. Ni mimi na mushono wangu wa ndani. Nilijisifu kwa fundi ambaye alikuwa ameona haya, nikafikiri ni mazungumzo tu. Tangu jana sijala. Mushono ule tunaufanya kwenye ngozi safi, muda mufupi baada ya kupasua, mikono imevaa mipira, vyombo vimechemshwa. Hatuufanyi hata siku moja juu ya kidonda kinachotoa maji.

Nimejaribu kupiga telefone mara nyingi, rezo imekufa. Serge anaondoka na barua hii sasa hivi, na nyingine ya Clémentine. Nimemuambia asilale njiani. Serge akifika unapanda moto yake, unakwenda hospitali, hata kama iko saa ya magharibi. Bibi akupeleke. Bibi, kama unasoma hii, usimusikilize akisema kesho.

Sijali kanzu. Sijali tarehe.

Latifa


Kabambare, wodi ya wanaume, 15 Februari 2024

Kwa muke wangu mudogo mukali,

Salamu aleikum. Niko hai. Nimeanza na hiyo ili uendelee kusoma umekaa.

Bibi yako anakusalimia, na safari hii anakusalimia sana. Alipomuona Serge anaingia mbio na barua mbili alinitupia koti hapohapo. Yeye ndiye aliyekuwa anajua. Aliniona nachemsha sindano kwenye sufuria ya chai na akanikataza, nikamuambia haya ni mambo ya ufundi. Ndiyo ile hasira ya bule niliyokuandikia. Haikuwa ya bule.

Clémentine alinilaza, akafungua, akaangalia. Akavuta taa karibu. Halafu akasema: "Muzee, mushono wenyewe ni muzuri. Naona haya kuukata." Akaukata. Kilichotoka sikiandiki, bibi yako anasoma juu ya bega langu. Harufu iliwatoa nje wagonjwa wawili ambao walikuwa hawawezi kutembea. Dokta Muhindo akaja, akapabonyeza pembeni kwa kidole. Akaniambia tu, ungechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza na bibi. Nyama za chini bado zinashika, Mungu mukubwa.

Homa imeshuka. Piki, sindano za dawa, nadungwa asubuhi na jioni mupaka matako yamekuwa kichujio. Na pale penyewe, Latifa, wamepaacha wazi! Tundu ambalo yai la kuku lingekaa. Kila siku Clémentine anaosha kwa maji ya chumvi, anajaza kompresi, vile vitambaa safi, anafunika. Nikamuambia dokta: usaha umetoka, pako safi, shona basi, shona hata kwa fundo zako za gunia, sitasema kitu. Akakataa. Anasema lijae lenyewe kutoka chini. Nikauliza ni lini. Akasema kidonda hakina kalenda.

Nalala natazama juu na tundu mwilini. Maisha yangu yote kazi yangu ni kufunga palipo wazi, na sasa wananiambia nikae nipatazame tu. Ni mateso, nakuambia. Usilie tena kwa ajili ya kujisifu kwako. Ulichoandika kilikuwa cha kweli. Mwenye kichwa kigumu ni mimi, hukunishikia sindano.

Lakini tarehe 3 iko palepale. Nitajifunga kitenge kiunoni, Serge ataendesha polepole. Clémentine hajui. Wewe ukae kimya.

Bwana wako mwenye dirisha,
Faradji


Kasongo, 19 Februari 2024

Kwa babu yangu,

Shikamoo. Nimelia kwanza, nikacheka kwa ajili ya kichujio, nikalia tena. Mama amechinja kuku na kuwaita watoto wa chuo cha Kurani wakusomee dua. Baba mudogo Kamaldine alipopata habari alisema "Alhamdulillahi," na kwake hiyo ni hotuba.

Sasa, hukai kwenye moto. Hapana. Njia ile na mashimo yake itakuletea mugeni na ndugu zake wote, na vumbi na matope vitaingia mahali ninapopajua. Nimemuandikia Clémentine, kwa hiyo anajua. Serge nimemuambia kwamba akikupakia, harusi yake mwenyewe hatapata mutu wa kumupikia. Na kidonda kile, kuacha wazi ndiyo njia yenyewe. Kikifungwa juu wakati chini hakijajaa, tunarudi palepale. Walikuambia kweli, kidonda hakina kalenda.

Basi mimi nimefanya hivi. Jana nilikaa na Djamali na baba mudogo. Nikasema nikaha ingoje mupaka baada ya Idi, babu apone. Mashangazi walipiga kelele: kadi zimegawanywa, mama yake Djamali amesafiri kutoka Uvira na miguu imemuvimba, muchele umekwisha kununuliwa. Mumoja akasema, kwani haiwezekani babu atume wakala, Kamaldine asimame badala yake? Nikatoka nje. Djamali alinifuata. Akasema yeye atangoja, hata mara mbili.

Sitaki wakala. Baba alisema usitume mutu, na mimi nilikuwepo nyuma ya mulango, nilisikia. Tangu siku ile, nikifikiria nikaha sioni gauni wala Djamali. Nakuona wewe umekaa kwenye ule mukeka na kofia yako iliyopinda. Nitangoja. Wewe kaa, ule, uoshwe, ujae.

Wako,
Latifa


Kabambare, wodi ya wanaume, 24 Februari 2024

Kwa Latifa binti Hamadi,

Leo sikuandika "muke wangu". Nimekupa talaka. Mutu hawezi kumuozesha muke wake mwenyewe, imamu atakataa. Bibi yako amepiga vigelegele mupaka wodi imeamuka. Anakusalimia, na kwa mara ya kwanza anakuita mujukuu.

Barua yako ilifika juzi. Uliposema utaningoja, nilifurahi, nisikudanganye. Nililala na furaha ile kama mutoto aliyepewa nguo ya Idi. Asubuhi Clémentine akaja kuosha. Akauliza: "Inauma?" Nikasema haiumi. Latifa, ilikuwa inauma mupaka meno. Akauliza, jana maji yalitoka? Nikasema hapana. Yalitoka. Alipokwenda, bibi yako akanionyesha shuka lililolowa.

Hapo nikajijua. Kama wewe unaningoja, mimi nitadanganya. Kila siku nitadanganya kidogo. Nitasema limejaa kabla ya kujaa, nitatoroka na Serge kama si huyu basi mwingine, na siku moja nitaomba sindano kwa jirani. Siwezi kulala hapa na kujua kwamba harusi ya mutu iko juu ya tumbo langu. Kwa hiyo usiningoje. Si kwa ajili ya muchele, wala ya miguu ya mama yake Djamali, ingawa nayo naihurumia. Ni ili nipone.

Najua nilimuahidi baba yako nisitume mutu. Nitamueleza mwenyewe tukikutana, na nataka tusikutane mwaka huu.

Jana usiku ulikuwa murefu. Nilikuwa nataka siku ile, Latifa. Nilikuwa naitaka kuliko kitu chochote kilichobaki. Nimeisema mara moja, sitairudia.

Sasa haya yanayofuata imamu ayasome kwa sauti:

Mimi Faradji mwana wa Selemani, fundi wa Kabambare, babu muzaa baba wa Latifa binti Hamadi, mwenye akili timamu, nimemuweka mwanangu Kamaldine awe wakala wangu, amuozeshe Latifa kwa Djamali, Jumapili tarehe 3 Machi, kwa radhi ya Latifa mwenyewe na kwa mahari tuliyopatana. Wameshuhudia imamu wa musikiti wa hapa, aliyekuja kuniona, na muzee Assani wa kitanda cha pili. Nimeweka sahihi na kidole gumba.

Imamu aishie hapo. Hii nyingine ni yako.

Kanzu ya Djamali analeta Serge. Mikono imeshonwa na bibi yako, mumoja ni murefu, asiukunje, auvae hivyo hivyo.

Jumapili nimemuomba Clémentine anioshe mapema, na nimemuambia ukweli: inauma, na maji bado yanatoka kidogo. Akiisha kunifunika, bibi yako atanivalisha kanzu nyeupe na kofia. Nitashuka kitandani polepole, nitakaa kwenye mukeka hapa chini, nimeelekea Kasongo. Imamu wenu atauliza: nani anamuozesha binti huyu? Kamaldine atajibu. Sauti yake ni ndogo, muvumilie.

Lakini na mimi nitajibu. Saa ile ile, hapa wodini, kwa sauti kubwa, wagonjwa wote wasikie na Clémentine agombe akitaka. Nitasema: ni mimi. Ni mimi Faradji, babu yake.